Istilahi za Gereji: Kufunga Kompresa katika Gari la Porini

Barabara itokayo Itigi kuelekea Rungwa, mkoani Singida, hupita katika vichaka na penye mchanga mwingi, na gereji ziko mbali. Dereva hulazimika kupunguza upepo wa matairi ili gari lisizame mchangani, kisha kuujaza tena afikapo penye ardhi ngumu. Ndiyo maana baadhi ya wenye magari ya porini hufungiwa kompresa ndani ya gari lenyewe. Makala haya yanaeleza kazi hiyo na kuyapima maneno yake, kwani hapa neno likieleweka visivyo huweza kuunguza waya au kuharibu tairi.

1. Upepo, hewa na kanieneo

Kitabu cha sayansi husema kuwa upepo ni hewa iliyo katika mwendo. Fundi naye husema "tia upepo", ingawa hewa iliyomo tairini haiendi popote. Hatuna haja ya kumsahihisha; matumizi hayo yameenea na hayampotezi mtu.

Utata uko katika kipimo. Fundi humwambia mwanagenzi, "Tia thelathini na tano," bila kutaja thelathini na tano za nini. Anakusudia pauni kwa kila inchi ya mraba, yaani karibu kilopaskali 240. Mwanagenzi huyo akiwa na kipimo cha kilopaskali, akasimamisha mshale kwenye 35, tairi litabaki karibu tupu. Likienda mwendo wa kasi litapata moto na kuharibika. Kwa hiyo neno kanieneo, ambalo wanafunzi hulijua kuwa ni kani igawanywayo kwa eneo, linastahili kuingia gereji pamoja na kizio chake. Neno presha tayari limebebeshwa maradhi ya shinikizo la damu.

2. Kompresa

Mtu aweza kupendekeza kishindilio, kutokana na kitenzi shindilia. Neno ni zuri kwa umbo, lakini wajenzi wa barabara hushindilia udongo, na fundi aambiwapo "funga kishindilio" huenda akawaza mtambo wao. Kompresa limekwisha kupata sauti za Kiswahili na kila fundi hulielewa. Tulikubali.

3. Namna ya kufunga

Kompresa za magari ni za namna mbili: iendeshwayo na umeme wa betri, na iendeshwayo na injini kwa mkanda.

Ile ya umeme huhitaji kishikizo cha chuma kilichokazwa imara, mahali pasipofikiwa na maji ya mtoni wala joto la bomba la moshi. Tundu lake la kuvutia hewa liwe na chujio, kwani vumbi hula silinda. Kwa kuwa hutumia umeme mwingi, waya wake uwe mnene, utoke moja kwa moja kwenye betri, na fyuzi iwe karibu kabisa na betri. Agizo la kusema "weka fyuzi kwenye waya" halitoshi: fyuzi ikiwekwa upande wa kompresa, waya ukichubuka njiani hakuna cha kuukata umeme, na gari huweza kuwaka. Swichi ya dereva isibebe umeme huo wote. Kazi hiyo ni ya rilei.

Hewa ikigandamizwa hupata joto. Aliyewahi kujaza baiskeli kwa pampu ya mkono anajua jinsi pampu ile inavyochemka. Kwa sababu hiyo, bomba la kutolea hewa lianze kwa kipande kinachostahimili joto. Penye tangi pawe na vali ya usalama.

Kompresa ya mkanda hudai jambo moja zaidi: magurudumu yapitiwayo na mkanda yawe katika mstari mmoja, la sivyo mkanda utalika upesi. Mafundi huliita gurudumu hilo puli. Mabaharia wa pwani wana kapi, lakini lao hupitisha kamba. Tunapendekeza kapi libaki chomboni na puli libaki kwenye injini.

4. Istilahi zinazopendekezwa

Kanieneo: kani inayokaa juu ya kila kizio cha eneo.
Kompresa: mashine ya kugandamiza hewa.
Rilei: swichi iongozwayo na umeme mdogo ili kupitisha umeme mkubwa.
Vali ya usalama: mlango mdogo ujifunguao wenyewe kanieneo ipitapo kiasi.
Puli: gurudumu la injini lipitiwalo na mkanda.

Baadhi ya maneno haya yametoka darasani, na mengine yametoka chini ya boneti. Msanifu wa istilahi hana budi kufika kote kuwili. Akikaa ofisini tu, atamwandikia fundi agizo ambalo fundi hatalielewa, na atakayelipa gharama ni dereva aliyekwama kati ya Itigi na Rungwa.