Fahamu: Kompyuta katika Gredi ya 10
Januari 2026 wanafunzi wa kwanza wa mtaala mpya waliingia Gredi ya 10, na wazazi wana swali jipya: mtoto achukue kompyuta au aache? Katika sekondari pevu ni somo la hiari, chini ya mkondo wa sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati.

Walio bado kwenye mfumo wa zamani wa 8-4-4, ambao mtihani wa mwisho wa KCSE ni 2027, wana karatasi 3 za somo hili: nadharia, vitendo na mradi. Mradi ndio mzigo wenyewe. Mwanafunzi hubuni mfumo mzima, tuseme wa duka: jedwali la bidhaa, fomu ya mauzo, ripoti. Haufanyiki kwa kuvizia kompyuta ya mwenzio. Basi hata kwa Gredi ya 10, kabla ya kuchagua shule, uliza: kompyuta zinazowaka ni ngapi, na wanaozigawana ni wangapi?