Jinsi ya Kuhifadhi Kompyuta Nzima

Wasomaji wengi wa gazeti letu wamekwisha kujifunza kutumia kompyuta, wengine hapa shuleni, wengine katika vibanda vya kupiga chapa. Lakini ni wachache wajuao jinsi ya kuilinda. Nataka kuwaeleza habari hiyo, kwa sababu sisi nyumbani tulijifunza kwa hasara, na sipendi mwingine ajifunze kwa njia ile ile.

Mjomba wangu alikuwa na kiduka mjini Lilongwe. Kazi yake ilikuwa kupiga chapa barua za watu, kutoa nakala za vyeti, na kupiga picha ndogo za vitambulisho. Mwaka 2023 wakimbizi waliokuwa wakikaa mijini waliamriwa kurudi Dzaleka, katika wilaya ya Dowa, yapata kilomita 45 kutoka Lilongwe. Basi tulifunga mizigo kwa siku moja. Kompyuta ya mjomba ilipakiwa juu ya magunia ya mahindi katika matola, ikarushwa-rushwa njia nzima. Tulipofika, tukaiwasha kwa jirani mwenye umeme. Haikuonyesha kitu. Tulisikia sauti tu ndani yake, tak, tak, tak, kama mtu abishaye hodi na hafunguliwi.

Mjomba aliichukua akarudi nayo Lilongwe kwa fundi, nami nikafuatana naye. Fundi aliisikiliza kidogo tu, akamwambia, "Achimwene, diski imekufa. Nakala yake iko wapi?"

Mjomba akauliza, "Nakala ya nini?"

Fundi akatikisa kichwa, wala hakusema neno tena.

Yaliyopotea yalikuwa kazi ya miaka sita, picha zetu zote, na zaidi ya yote, sauti ya bibi yetu wa Uvira. Kabla hajafariki aliwataja wazee wa ukoo wetu mmoja mmoja, na mjomba akamrekodi. Sufuria na nguo hununuliwa tena sokoni, lakini sauti ya marehemu haiuzwi popote.

Sasa yafaa nieleze kwanza diski ni kitu gani. Diski ya namna ya zamani ni sahani ngumu zizungukazo kwa kasi, mara 5,400 au 7,200 kwa dakika moja. Juu ya kila sahani pana kichwa kidogo kisomacho na kuandika, nacho huelea karibu sana na sahani bila kuigusa. Nafasi iliyo kati yao ni nyembamba kuliko unywele. Ndiyo maana diski haipendi kuangushwa wala kutikiswa, hata ikiwa imezimwa. Ziko diski mpya zisizo na kitu kizungukacho ndani yake, nazo hustahimili mishtuko zaidi. Lakini hizo nazo hufa, na mara nyingi hufa kimya kimya bila kutoa dalili.

Fundi alitia diski nyingine iliyokwisha kutumika. Ndipo tulipoona hasara ya pili. Ilimchukua mjomba siku tatu kuweka Windows upya, na programu ya kuandikia, na programu ya picha, na zile za kuendeshea printa. Siku tatu hizo hakupata hata kwacha moja.

Hapo fundi akatufundisha jambo ambalo ndilo kiini cha makala hii. Alisema ziko njia mbili za kuhifadhi. Ya kwanza ni kunakili mafaili yako, kama vile barua na picha, katika flashi. Hiyo ni kama kuokoa vyombo nyumba inapoungua. Vyombo utakuwa navyo, lakini nyumba huna budi kuijenga tena. Ya pili ni kuchukua taswira ya diski nzima, yaani Windows, programu zote, mipango yake yote na mafaili yote, vikawekwa pamoja katika diski nyingine. Siku ya msiba, unairudisha taswira hiyo katika diski mpya, na kompyuta inaamka kama ilivyolala.

Programu za kazi hii si ngeni. Iliyojulikana sana zamani iliitwa Ghost, nayo ilitengenezwa New Zealand katika miaka ya 1990. Baadaye ilinunuliwa na kampuni ya Symantec ya Marekani. Sisi tunatumia Clonezilla, iliyotengenezwa Taiwan. Haina malipo, wala haihitaji intaneti ukiisha kuipata. Tena ni ndogo, hata kipande cha flashi ya kawaida kinaitosha. Mjomba aliipata Lilongwe katika flashi ya fundi, asije akamaliza vifurushi vyake vya simu kwa kuipakua.

Kazi yenyewe ni hivi.

Kwanza, uwe na diski ya nje yenye nafasi ya kutosha. Clonezilla hainakili nafasi tupu, bali sehemu zilizoandikwa tu, kisha huzibana. Diski ya mjomba ni ya GB 500, lakini iliyotumika ilikuwa GB 90, na taswira yake ikatoka GB 55 hivi.

Pili, zima Windows kabisa. Hapa wengi hukosea. Windows ya siku hizi, ukiizima kwa kawaida, yaweza kulala nusu ili iamke upesi, na Clonezilla itakataa kuisoma diski iliyo katika hali hiyo. Dawa yake ni kushikilia kitufe cha Shift unapobonyeza pa kuzimia.

Tatu, chomeka flashi yenye Clonezilla, uwashe kompyuta huku ukibonyeza kitufe cha kuchagua pa kuanzia. Katika mashine nyingine ni F12, katika nyingine F9 au Esc. Kompyuta itaanza kwa flashi, na diski yako itakuwa imetulia kama mgonjwa aliyelazwa.

Nne, chagua "device-image", kisha "local_dev", kisha chomeka diski ya nje uionyeshe kuwa ndipo pa kuweka taswira. Baada ya hayo chagua "savedisk", yaani hifadhi diski. Ipe taswira jina lenye tarehe, ili usije ukachanganya ya zamani na mpya.

Tano, kubali taswira ikaguliwe baada ya kuandikwa. Inachukua muda zaidi, lakini nakala isiyokaguliwa ni kama daraja ambalo hajapita mtu.

Katika hatua ya nne ndipo penye hatari. Chini ya "savedisk" yako maneno "restoredisk", yaani rudisha diski. Ukichagua hilo kwa makosa, utafuta kila kitu kilichomo katika diski utakayoionyesha, na programu itakutii. Ni kweli huuliza mara mbili kama una hakika, lakini mtu mwenye haraka hujibu ndiyo hata hajasoma. Mjomba ameandika ukubwa wa kila diski kwa kalamu juu ya karatasi, akaibandika ukutani, na hatugusi kitu mpaka tuwe wawili, mmoja akisoma karatasi na mwingine akisoma kioo.

Mtaniuliza habari za umeme. Umeme wetu twaujua. Januari 2022 tufani iliyoitwa Ana iliharibu kituo cha Kapichira katika mto Shire, na Malawi nzima ikakaa gizani kwa zamu. Hata leo kukatika kwa umeme si jambo la kushangaza. Basi, ukikatika wakati wa kuchukua taswira, usiogope. Diski yako ilikuwa ikisomwa tu, haikuandikwa, nayo haina dhara. Ile taswira nusu uifute, uanze tena. Lakini ukikatika wakati wa kurudisha, diski inayoandikwa itabaki nusu nusu, nawe huna budi kuanza mwanzo. Kwa hiyo mwenye kompyuta ya mkononi na ahakikishe betri yake imejaa.

Tulipomaliza mara ya kwanza, mjomba alifurahi akataka kufunga diski kabatini. Nikamwuliza, "Mjomba, tutajuaje kwamba inafanya kazi?" Akacheka, lakini akaliona neno hilo. Akanunua Lilongwe diski nyingine kuukuu yenye ukubwa ule ule, kwa maana diski ya kurudishia isiwe ndogo kuliko ile ya kwanza. Tukaitia ndani, tukarudisha taswira. Baada ya saa moja na robo kompyuta ikawaka, na barua zote zilikuwa mahali pake, hata printa ikaitika.

Februari 2025 tukaona faida yake. Umeme ulikatika ukarudi kwa nguvu, na Windows ikakataa kuanza. Asubuhi ile alikuwa amekuja mama mmoja aliyepigiwa chapa barua za kumwombea binti yake nafasi ya masomo, na siku ya mwisho ya kuzifikisha Lilongwe ilikuwa kesho yake. Tulirudisha taswira ya Januari. Lakini barua za asubuhi hazikuwamo, kwa kuwa taswira hujua mambo ya siku ilipochukuliwa tu. Zilipatikana katika flashi, maana mjomba sasa hunakili kazi ya kila siku kabla ya chakula cha mchana. Yule mama alizipata jioni. Basi shikeni zote mbili: mafaili kila siku, taswira kila mwezi.

Yamebaki mawili. Nakala isikae chumba kimoja na kompyuta, kwa sababu moto au mwizi hatachagua. Yetu moja iko Lilongwe kwa rafiki wa mjomba. Tena taswira imebeba siri za watu. Dzaleka tuko zaidi ya 50,000, na wengi wetu tumekimbia nchi zetu kwa sababu nzito. Barua iliyopigwa chapa kwa mjomba huenda inataja majina ambayo yasingefaa kuonwa na kila mtu. Kwa hiyo taswira yetu imefungwa kwa neno la siri, nalo tumeliandika mahali pengine, kwani neno lililosahauliwa halifunguliwi na fundi yeyote.

Dzaleka ilikuwa gereza kabla ya kuwa kambi ya wakimbizi mwaka 1994. Wazee husema jina lake kwa Kichewa lina maana ya mtu asemaye, "Sitarudia tena." Mjomba hulitaja jina hilo kila mwisho wa mwezi, anapochomeka diski ya nje. Sauti ya bibi hatutaipata. Lakini mwaka jana mama yangu, ambaye anakumbuka sehemu ya majina yale, aliketi mbele ya simu akayataja yote ayajuayo. Rekodi hiyo tunayo katika mahali patatu.