Mnyoo Aishiye Ndani ya Konokono

Kwenye sakafu ya bahari kuu, mahali gesi ya methani inapovuja, wako minyoo wanaoishi ndani ya kome. Wengi wetu hatutawaona kamwe. Lakini Kaunti ya Busia ina minyoo wake wanaojificha hivyo, tena kwenye maji yanayofika magotini: minyoo wa kichocho, ndani ya konokono wa Ziwa Viktoria.

Mayai yao hutoka na choo au mkojo wa mgonjwa. Yakifika majini huanguliwa, na kiluwiluwi ana saa chache tu za kumpata konokono. Wale wa minyoo wanaodhuru utumbo na ini humtafuta konokono aitwaye Biomphalaria, akaaye kwenye matete ya ufukweni na hata kwenye maji ya kina zaidi. Kiluwiluwi akishaingia huzaliana humo pasipo dume wala jike, na mara nyingi konokono hukoma kutaga. Nguvu ambayo angeitumia kupata watoto wake sasa inalea kizazi cha mgeni. Baada ya wiki kadhaa konokono huanza kuachia viluwiluwi wapya, mamia hata maelfu kwa siku, hasa jua linapowaka. Ndizo saa ambazo watoto wa Port Victoria na Sio Port wanaogelea na mama zao wanafua. Viluwiluwi hawa hawahitaji kidonda. Hupenya ngozi nzima.

Busia ilipata jina duniani kwa sababu ya minyoo. Mwaka 1998 ulianza mradi wa kuwapa wanafunzi dawa katika shule 75 za msingi za Budalang'i na Funyula. Wanauchumi Edward Miguel na Michael Kremer walichapisha matokeo mwaka 2004: utoro ulipungua kwa takriban robo, na hata watoto ambao hawakumeza dawa walinufaika, kwa kuwa maambukizi yalipungua pande zote. Wataalamu wengine wamezipinga hesabu hizo, lakini hakuna anayebisha kwamba mtoto mwenye minyoo anastahili kutibiwa.

Ninachobisha mimi ni kuishia hapo. Dawa ya kichocho, prazikwanteli, huua minyoo waliokomaa mwilini. Wachanga huwaacha, na konokono haimgusi. Mtoto aliyetibiwa shuleni akirudi ziwani anaweza kuambukizwa tena. Mvuvi mtu mzima, ambaye mwili wake unaweza kubeba minyoo kwa miaka, hayumo darasani dawa zinapogawiwa. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza tiba ianzie umri wa miaka miwili na iwafikie watu wazima pia, na ufukwe wetu unahitaji hilo hasa.

Halafu kuna mpaka wa Kenya na Uganda. Malaba na mjini Busia malori hupanga foleni, na maofisa wa afya hukagua kadi za homa ya manjano. Lakini huku kusini, maji ya Mto Sio na ya ziwa yanatumiwa na Wakenya na Waganda kwa pamoja. Upande mmoja ukitibiwa peke yake, mayai yataendelea kuingia kutoka upande wa pili.

Kwa hiyo naziomba serikali za pande zote mbili: gaweni dawa katika wiki ileile, kwa watoto na wavuvi, na kila ufuo wa kupakulia samaki uwe na vyoo vinavyotumika na maji ya bomba. Bila hivyo tutakuwa tukiwatibu watoto walewale kila mwaka.