Siwa na Pumzi Iliyopotea

Ukimtaja mwanafunzi ala za kale, mara hukumbuka ngoma. Ala za kupuliza huzisahau, ilhali Kiswahili chenyewe kimezihifadhi: mbiu, panda, baragumu, zumari, siwa. Mpaka leo twasema fulani amepiga mbiu, na hapana pembe iliyopulizwa. Ala imetoweka, neno limebaki likifanya kazi yake. (Vugo ni habari nyingine: ile ni pembe ya kugongwa kwa kijiti, wala haipulizwi.)

Kubwa lao ni siwa. Mwaka 1498, Vasco da Gama alipotia nanga Malindi, mmoja wa wasafiri wake aliandika kwamba mfalme alikuja na siwa mbili za pembe za ndovu, zilizonakshiwa, urefu wake kama kimo cha mtu, zikipulizwa kwa tundu la ubavuni. Tundu hilo ndilo linaloitenga siwa na tarumbeta za Ulaya, ambazo hupulizwa kwa nchani.

Leo Makumbusho ya Lamu yana siwa mbili mashuhuri. Ile ya Pate ni ya pembe ya ndovu, na urefu wake wapita mita 2. Ya Lamu ni ya shaba, iliyosubiwa kwa ufundi wa nta: nta ikayeyuka, shaba ikashika nafasi yake. Siwa haikuwa chombo cha tumbuizo tu. Ililia katika arusi na jando za waungwana, na kunyimwa siwa kulikuwa kunyimwa heshima. Masimulizi ya Pate yanamtaja Mwana Darini, bibi aliyeona atanyimwa siwa ya ufalme katika jando la mwanawe, naye akamwendea fundi kwa siri amchongee yake. Sijui jibu kali kuliko hilo!

Hapo ndipo ninapotofautiana na wakusanyaji. Wao hununua umbo. Tangu 1990 biashara ya kimataifa ya pembe za ndovu imepigwa marufuku, na sheria ya Kenya ya 2006 yazuia mambokale kutolewa nchini bila kibali. Vema. Lakini hakuna sheria inayolinda pumzi. Makumbusho hayawezi kuruhusu siwa ya kale ipulizwe ovyo, kwani unyevu wa pumzi huweza kuipasua pembe, nakubali. Basi na ichongwe ya mti, tujifunzie hiyo.

Kabla ya hapo, walimu wenzangu wa Kiswahili na muziki, wapeni wanafunzi kazi ya likizo. Wawaulize wazee wa Lamu, Pate, Siyu na Faza: mpulizaji alikuwa nani, alilipwa nini, midomo ilikazwa vipi, kila sehemu ya ala yaitwaje, na mlio wa arusi ulitofautianaje na wa jando. Simu ya mkononi yatosha kunasa sauti. Wayaandike majibu kwa lahaja ileile waliyoambiwa, Kiamu kibaki Kiamu na Kipate kibaki Kipate, wasiyasanifishe.