Fahamu: Unyanyasaji wa kiroho ni nini, na mtu huponaje?

Aprili 2023, polisi wa Kenya walianza kufukua makaburi katika msitu wa Shakahola, Kaunti ya Kilifi. Zaidi ya miili 400 ilipatikana. Mhubiri Paul Mackenzie, anayedaiwa kuwahimiza waumini wafunge hadi kufa ili wakutane na Yesu, alikana mashtaka.

Dalili za unyanyasaji wa kiroho

Unyanyasaji wa kiroho, yaani kutumia imani kumtawala na kumuumiza mtu, haufiki huko ghafla; huanza kidogo kidogo. Kiongozi hahojiwi. Sadaka hudaiwa kwa vitisho vya laana. Muumini hukatazwa kwenda hospitali, hutengwa na ndugu zake, na siri aliyoungama faraghani hutangazwa madhabahuni.

Jeraha hubaki

Aliyetoka katika kanisa la namna hiyo anaweza kushtuka simu ikiita Jumapili asubuhi, akidhani ameitwa kujieleza kwa nini hakufika ibadani. Biblia iliyokuwa ikimfariji sasa anaishika mikono ikimtetemeka.

Njia ya kupona

Kwanza, usalama: kaa mbali na aliyekuumiza. Pili, simulia yaliyokupata kwa mtu mmoja unayemwamini, kisha tafuta mshauri nasaha. Kama kuna kipigo, wizi au ubakaji, hilo ni kosa la jinai, ripoti polisi. Msamaha usilazimishwe, wala kurudi kanisani kusiwekewe tarehe. Wengine hurudi, wengine husali nyumbani, wengine hupumzika kwanza.

Nawe uliye karibu na aliyeumizwa, usimuulize, "Akili zako zilikuwa wapi?" Msikilize. Aliyedanganywa kwa jina la Mungu hana hatia ya kuamini.