Kazi ya Majumba: Kijana Mwenye Akiba Aanze Wapi?

Katika nyumba nyingi za askari, mazungumzo ya kustaafu huishia kwenye nyumba ya kupangisha. Siku hizi vijana wetu wametaka zaidi ya hapo: wanunue kiwanja, na papo hapo biashara ya majumba iwe ndiyo kazi yao ya kila siku. Si vibaya. Lakini kazi hizo hazifanani, na mtu akikosea kuchagua, akiba ya jamaa nzima yaweza kupotea.

Natutazame jirani zetu wa Mwansabombwe, nchini Zambia, kusini ya Ziwa Mweru, yaliko makao ya Mwata Kazembe wa Walunda. Mwaka 2012 mji huo ulipata wilaya yake, iliyokatwa kutoka Kawambwa. Wilaya mpya huja na walimu, waganga, makarani na polisi, na wote hao hutafuta nyumba. Mwenye vyumba vitatu vya matofali hakosi mpangaji.

Hata hivyo, sehemu kubwa ya ardhi huko ni ya kimila. Mtu huipata kwa mwenye kijiji na kwa chifu, hana hati, na benki haiipokei kuwa rehani. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1995 inamruhusu aigeuze kuwa ya hati, kwa muda usiozidi miaka 99, baada ya kibali cha chifu, mapendekezo ya halmashauri, na idhini ya Kamishna wa Ardhi. Anayetoa mafao yake yote kabla ya kuuliza habari hizo anacheza kamari.

Sasa kijana achague kazi gani? Udalali unavutia, maana hauhitaji mtaji mkubwa. Lakini dalali hulipwa pale tu mauzo yanapotimia, na mahali penye hati chache aweza kukaa miezi bila senti. Tena Zambia ina sheria ya mwaka 2000 inayomtaka aandikishwe. Uthamini ni kazi ya heshima yenye mshahara, na masomo ya fani ya ardhi na majengo yako katika Chuo Kikuu cha Copperbelt, Kitwe. Shida ni kwamba kazi yenyewe iko zaidi mijini.

Mimi ningemshauri aanze na usimamizi wa nyumba za watu wengine: kukusanya kodi, kuandika mikataba, kuziba mapaa yanayovuja. Fedha yake ni ndogo lakini huja kila mwezi, na elimu yake hainunuliki. Kwa mfano, kule Nchelenge uvuvi hufungwa kila mwaka tangu tarehe 1 Desemba hadi mwisho wa Februari. Mpangaji mchuuzi wa samaki hubanwa miezi hiyo, hali mwalimu analipa kama kawaida. Aliyekwisha kudai kodi mwezi wa Januari ataijua tofauti hiyo kabla hajajenga cha kwake.

Asinunue kwa siri nyumba aliyokabidhiwa kuiuza. Na fedha za kodi za wenyewe aziweke mbali na zake, katika daftari na akaunti ya peke yake, kwani mwenye nyumba huenda ni askari aliyehamishwa, na mkewe ndiye atakayekuja kudai hesabu.