Namba Tatu Unapanda ama Hupandi? Hivi Ndivyo Mchujo wa Ligi Hufanya Kazi

Kila msimu wa boli ukikaribia kuisha, ubishi ni uleule. Ingia Mwiki, hii yetu ya Ruiru, simama kando ya kiwanja chochote cha vumbi jioni na utausikia: "Sasa tukimaliza namba tatu, tunapanda ama tunabaki?" Msee mmoja atakuambia namba tatu ni ya kujifariji tu. Mwingine ataapa bado kuna mechi mbili za kucheza. Huyo wa pili ndiye ako karibu na ukweli, lakini inategemea unaongelea ligi gani. Wacha tuipange hii story vizuri.

Ngazi yenyewe

Juu kabisa kuna Ligi Kuu ya FKF, timu 18. Chini yake ni National Super League, ile wasee huita NSL. Halafu kuna Division One, Division Two, na huko chini zaidi ligi za mkoa, za kaunti na za kaunti ndogo. Mayut wa Mwiki wakiamua leo kusajili timu, wanaanzia huko chini kabisa. Hata wakipanda kila msimu bila kuteleza, hiyo safari itawakula miaka kama mitano ama sita. So mtu akikuambia timu ya mtaa itacheza na Gor Mahia mwaka ujao, mpe chai aendelee kuota.

Mchujo unaingilia wapi?

Kwa NSL, namba moja na namba mbili wanapanda moja kwa moja. Huko Ligi Kuu, namba 17 na 18 wanashuka. Sasa wanabaki watu wawili wenye presha: namba tatu wa NSL na namba 16 wa Ligi Kuu. Hao ndio wanakutana kwa mchujo, mechi moja nyumbani, nyingine ugenini. Dakika 180 za kuamua nani anacheza na wakubwa msimu ujao. Jasho la mwaka mzima linaisha kwa hizo mechi mbili.

Ligi za chini huwa tofauti. Huko mara nyingi timu zimegawanywa kwa makundi, na vinara ndio wanamenyana kutafuta nafasi, na utaratibu unaweza kubadilika msimu hadi msimu. Ndio maana meneja wa timu anafaa kusoma kanuni kabla ligi ianze, si wiki ya mwisho watu wakishaanza kupigana na kalkuleta.

Nani huwa anatoboa?

Si rahisi. Mwaka wa 2019, Nairobi Stima walikuwa karibu kupanda, lakini Posta Rangers wakakatalia Ligi Kuu. Mwaka wa 2024, Naivas nao walijaribu kuitoa Sofapaka, wapi. Yule ako juu amezoea mechi ngumu, na uoga wa kushuka humfanya acheze kama mtu anakimbizwa na mbwa.

Lakini mlango huwa unafunguka. Vihiga United waliitoa Kisumu All Stars mwaka wa 2020 na wakapanda. Shida ni kilichofuata. Msimu mmoja tu baadaye, Vihiga United wakajipata kwa mchujo tena, safari hii wao ndio wako juu, na Kenya Police wakawatoa. Mlango uleule waliingilia ndio uliwatema.

Na hao Police? Msimu wa 2024/25 walibeba Ligi Kuu, mara yao ya kwanza kabisa. Timu iliyoingia kwa mlango wa nyuma mwaka wa 2021 ndiyo ilikuwa bingwa wa Kenya miaka minne baadaye.

Kupanda si kuomoka

Timu mbili, mchujo uleule, lakini mwisho tofauti kabisa. Kushinda mchujo ni kitu moja, kuishi huko juu ni kitu ingine. Police ni timu ya taasisi. Kuna mgongo wa kuegemea. Ukipanda Ligi Kuu bila huo mgongo, ratiba inakuambia nenda Mombasa ucheze na Bandari, halafu nenda Kakamega ucheze na Homeboyz. Basi, chakula na mahali pa kulala ni ganji, na ganji haitoki kwa makofi ya mashabiki.

Hata hapa karibu, kwa Thika Road, tumeona pande zote mbili. Thika United, timu iliyoanza ikiwa na mgongo wa maziwa ya Brookside, ilikuwa Ligi Kuu miaka mingi. Ni huko Michael Olunga alicheza kwa mkopo mwaka wa 2014, kabla aende Gor Mahia na baadaye Ulaya. Mwaka wa 2018 Thika United ikashuka, na haijarudi. Miaka miwili baadaye, Bidco United ya hapo hapo Thika ikapanda ikiwa namba mbili wa NSL, hata mchujo haikuhitaji. Mji ni uleule, mashabiki ni walewale.

Na ganji ikikosekana, ndio kunaingia wale wasee wa kununua mechi. Mchezaji hajalipwa miezi mitatu, mtu anampigia simu usiku na bahasha. Usidhani hiyo ni story ya vijiweni. Mwaka wa 2021 FIFA iliifukuza Zoo FC ya Kericho kutoka Ligi Kuu kwa kesi ya kupanga matokeo. Miaka ya kupanda, ikaisha kwa barua moja.

Msimu ujao

Kuna sababu ya kuamini, lakini. Nairobi United walikuwa bado NSL mwaka wa 2025 walipoichapa Gor Mahia kwa fainali ya Kombe la FKF, na msimu huohuo wakapanda Ligi Kuu. Na AFCON ya 2027 inakuja hapa nyumbani, Kenya, Uganda na Tanzania, so macho mengi yatakuwa kwa boli ya huku.

Kwa hivyo kama unacheza ama unasapoti timu ya mtaa Mwiki, Mwihoko ama Githurai, kabla ya kuuliza kama mnapanda, uliza hizi: timu imesajiliwa? Kanuni za kupanda msimu huu zinasemaje? Nauli ya mechi za ugenini inatoka wapi? Na mkipanda, nani atalipa msimu unaofuata?

Mkiwa na majibu, hata namba tatu haitawatisha. Na wewe shabiki, siku ya mechi acha hiyo ya kuangalia Arsenal kwa simu. Toka kwa keja, kuja kiwanjani, na wakipitisha kofia ya mchango, usiangalie kando.